Mashine Iliyoitwa Marthe

Watu wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, walikuwa na tabia moja iliyowashangaza wageni: kila kitu kinachotoa sauti kilipewa cheo cha mtu. Pampu ya maji iliyokuwa karibu na kanisa waliiita Shangazi, kwa kuwa haikutoa kitu mpaka ubembeleze. Lori la chakula lilikuwa Mjomba, na likichelewa watu waliulizana Mjomba amelala wapi. Yule mwanamke aliyerekodiwa ndani ya simu, anayesema namba unayopiga haipatikani, walimwita Madamu. Kuna wazee waliomtukana Madamu kwa dhati kabisa, wakiamini anawaficha watoto wao makusudi. Ukicheka, wewe ndiye unayeonekana huna adabu.

Gervais Semahoro hakucheka hata siku moja. Kwao, huko juu kwenye milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, kila ng'ombe wa baba yake alikuwa na jina na sifa zake, na kumtaja kwa rangi tu ilikuwa kama kumtukana. Babu yake alipoiona baiskeli ya kwanza, ya mhubiri, aliizunguka polepole kisha akauliza, huyu ni nani? Redio ilipofika, mama yake aliifunika kitambaa jioni ili bwana wa habari asipate baridi. Halafu vita vikala ng'ombe wote. Ng'ombe wakaisha lakini tabia haikuisha, jamani, ilitafuta tu mahali pengine pa kukaa, ikakaa kwenye vyuma.

Kiswahili nacho kinachochea. Sema mashine imelala, hicho ni kitu. Sema mashine amelala, umeshamfungulia mlango wa watu, amekaa, anangoja chai. Tofauti ni herufi moja. Herufi hiyo moja imemkalia Gervais kooni mpaka leo, na hili ndilo ninalotaka kulisimulia, mnisikilize vizuri.

Walikimbia kwao mwaka 1996, yeye na mke wake Nyiramana na binti yao wa pekee, Marthe, aliyekuwa na miaka sita. Msituni mtoto akashikwa na homa. Hawakuwa na dawa, hawakuwa na jembe, na nyuma yao risasi zilikuwa zinalia. Walimfunika kwa majani na mawe machache, wakaendelea kutembea. Tangu siku hiyo Gervais hakulitamka neno la kufa juu ya mtoto huyo. Akilazimika sana alisema, "Alibakia mu njia." Alibaki njiani, basi. Nyiramana naye alinyamaza, na walipofika Nakivale baada ya kuzunguka miaka mingi, hawakumkuta mtu hata mmoja wa kilima chao. Hakuna aliyewajua, na wao hawakumwambia mtu. Majirani waliwaona wawili tu, mume na mke wasio na mtoto, wakawahurumia kwa hilo.

Mwaka 2007 mfanyabiashara mmoja wa Nyamityobora, mjini Mbarara, jina lake Rutayisire, aliamua kuweka mashine ya kusaga mahindi kambini. Alimtafuta mtu mtulivu wa kuiendesha, akaelekezwa kwa Gervais. Wakaenda pamoja mpaka Ruti, kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu, wakaichukua mashine moja ya mazuti, yaani ya dizeli, rangi imebanduka, gurudumu lake kubwa limepauka. Gervais aliipapasa shingoni kama anavyopapaswa mtamba. Rutayisire akamtazama, akatikisa kichwa.

Siku ya kuiwasha, watu walipanga mstari na ndoo za mahindi. Gervais akazungusha hendeli mara ya kwanza, kimya. Akazungusha tena. Mashine ikafanya kwikwi. Ikanyamaza, ikafanya kwikwi nyingine, ndogo, kisha ikaanza kulia. Marthe alikuwa hivyo hivyo. Kabla ya kulia alishikwa kwanza na kwikwi, mbili au tatu, kana kwamba anaomba ruhusa. Gervais hakujua kama amefungua mdomo. Alisikia tu sauti yake mwenyewe ikisema, "Pole, Marthe. Pole, mama."

Aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari ni Anatole, fundi wa viatu, mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe. "Mumesikia? Anaitwa Marthe!" akapiga kelele. Kufika jioni kambi nzima ilikuwa inajua. Marthe ameamka. Marthe anakohoa leo, mazuti si mazuri. Marthe ameshiba, ngojeni apumue. Na kwa kuwa watu wa Kivu hawamwiti mtu mzima jina lake tupu kama ana mtoto, wakamalizia utani wao vizuri: Gervais akawa Baba Marthe, na Nyiramana, aliyekuwa nyumbani anachambua maharage bila kujua hili wala lile, akawa Mama Marthe.

Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa mwanamke aliyepita na unga kichwani. "Jambo, Mama Marthe!" Nyiramana akaangusha ungo. Maharage yakatawanyika uani, na yeye akabaki amesimama katikati yake. Gervais aliporudi hakupewa chakula wala neno. Siku nyingi zilipita hivyo. Mwishowe alimwuliza jambo moja tu: "Ulilitoa kwa nini?"

"Lilitoka lenyewe," Gervais akajibu. Na ulikuwa ukweli mtupu.

Lakini moyo wa mtu, wee, nani anaujua? Tangu msituni hakuna aliyewahi kumwita Nyiramana mama wa fulani. Sasa kila asubuhi akienda kisimani, watu kumi wanamwita Mama Marthe. Mwanzoni aligeuza uso. Baadaye aliitikia kwa kichwa. Siku moja mawingu yakajaa upande wa ziwa, na Gervais akasikia mke wake akimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Enda umufunike Marthe, mvua inakuja." Alitoka nje haraka ili mke wake asimwone akilia. Baada ya hapo Nyiramana alishona kifuniko cha kitenge, cha maua mekundu, na kila jioni mume alikifunga juu ya mashine na kukaza kamba. Watu waliona ni mchezo wa wazee wasio na mtoto, na kwa huruma yao wakaucheza pamoja nao. Laiti wangejua.

Kisha moyo wa Nyiramana ukaanza kumsumbua. Alipumua kwa shida, miguu ikavimba, akawa anapanda kilima kidogo cha kanisa kwa kupumzika njiani. Gervais akampeleka Mbarara. Daktari akamsikiliza kifuani muda mrefu, akasema ndani ya moyo kuna mlango usiofunga, na mlango huo unatengenezwa kwa kupasuliwa, tena si hapa. Akawaeleza kwamba wagonjwa kama yeye huombewa safari ya kuhamia nchi za mbali. Asipopasuliwa? Daktari akatazama dirishani. Asipopasuliwa, moyo utachoka.

Basi ikawa hivyo: safari au kaburi. Ombi likapelekwa kwenye ofisi ya wakimbizi, na mwaka 2013 wakaitwa kuhojiwa, kila mmoja chumba chake.

Gervais aliulizwa ataongea lugha gani. Angeweza kuongea Kinyamulenge, lugha ya kwao, lakini mkalimani wa lugha hiyo alikuwa jirani wa mtaa wa pili, na mambo ya ndani ya chumba kile Gervais hakutaka yatembee kambini. Akachagua Kiswahili. Wakamletea kijana wa Uganda, mtu wa Mbarara, Mutabazi, mtoto wa askari, aliyezaliwa na kukulia kwenye makazi ya jeshi ya Makenke. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, cha amri na cha haraka, ambacho "nafanya" ni mimi, ni wewe, ni yeye, na moyo wake haukuwa mbaya. Upande wa pili wa meza alikaa mama wa ofisi, mgeni kutoka mbali, kalamu mkononi.

"Mzee," Mutabazi akaanza, "mama nasema mulikuwa na mtoto. Iko wapi?"

Jina la mtoto hakuulizwa, kwa kuwa Nyiramana alikuwa ameshalisema kule kwenye chumba kingine, pamoja na lile neno ambalo Gervais hakuliweza. Yeye akalitoa lake alilolizoea. "Alibakia mu njia."

"Alibaki," Mutabazi akamfasiria mama wa ofisi. Kalamu ikaandika. Wakaendelea na mengine, kijiji chao, vita, miaka ya kuzunguka. Halafu wakafika kwenye maisha ya kambini.

"Hapa nyinyi nakula kwa kazi gani?"

Gervais akanyooka kwenye kiti. Hapa alijiona yuko nyumbani. "Kwa kazi ya Marthe. Ni Marthe anatulisha."

Mutabazi akamtazama. "Marthe? Nafanya kazi?"

"Ee! Kila asubuhi ninamuamusha. Akisha kunywa kidogo, anafanya kazi mpaka jua inaingia."

"Nalala wapi?"

"Mu kibanda, yeye peke yake. Ninamufunika tu."

"Munamupa hata pesa kidogo?"

Hapo Gervais akacheka. Tangu mke wake augue alikuwa hajacheka, na swali lilimchekesha kweli. "Marthe? Pesa ya nini?"

Mama wa ofisi alimtazama mtu huyu anayecheka, akaandika kwa muda mrefu. Gervais akatoka mle ndani mwepesi, akamwambia mke wake mambo yamekwenda vizuri. Ebo! Vizuri! Mama amesema mtoto amekufa, baba anasema alibaki njiani, kisha anasimulia jinsi anavyomfanyisha kazi kutwa nzima bila malipo na kumlaza kibandani. Na kila mmoja mle ndani alikuwa amesikia sawasawa.

Miezi ikapita. Nyiramana sasa alilala amekaa, mgongo ukutani, kwa sababu akijinyoosha pumzi ilikata. Walipoitwa tena, wakaambiwa maneno yao hayapatani: mtoto mmoja, mzazi mmoja anamzika, mwingine anamtuma kazi. Gervais akainuka kwenye kiti. Akamgeukia Mutabazi, akamshika mkono wa shati. "Marthe ni mashine! Mashine ya kusaga! Uliza kambi yote!"

Mutabazi akaanza kumweleza mama wa ofisi kwa haraka, mikono ikizungusha hendeli hewani. Mama wa ofisi hakukataa. Alisema watakuja kuona kwa macho yao na kuwauliza watu. Na hiyo ilikuwa haki, hakuna wa kumlaumu.

Anatole alipopata habari kwamba rafiki yake yuko mashakani, alipita nyumba kwa nyumba. "Banakuja kuuliza. Museme kweli tu: Marthe ni mashine, hakuna mutu. Musimwangushe muzee." Watu walimpenda Gervais. Siku wageni walipofika kulikuwa na mstari mrefu kuliko siku ya mgao, na wengine hawakuwa hata na mahindi.

Gervais alitaka kuwaonyesha vizuri. Akafungua kifuniko cha kitenge, akazungusha hendeli. Kwikwi, kwikwi, kisha mngurumo ukajaa kibanda, vumbi la unga likapanda. Akasimama kando ya mashine, mkono wake juu ya mdomo wa bati wa kumiminia mahindi, akitazama nje. Hakusikia neno hata moja la yaliyosemwa. Aliona tu. Alimwona mama wa ofisi akiuliza, Mutabazi akifasiri, watu wakitikisa vichwa kwa nguvu. Aliwaona wakicheka, akamwona Anatole akipiga kifua. Akadhani yote yanakwenda sawa, naye akawachekea kutoka ndani.

Nyiramana alikuwa amekalia kiti mlangoni mwa nyumba yao, mbali na mngurumo. Yeye alisikia.

"Kuna mtoto hapa naitwa Marthe?" Mutabazi akafasiri.

"Hakuna!"

"Zamani? Walikuja na mtoto? Waliwahi kusema wana mtoto alikufa?"

"Hata!" Anatole akasema. "Hawa ni batu bila mutoto. Sisi batu ya hapa tunabajua tangu bafike. Marthe ni chuma, hakuwahi kuwa mutu!"

"Na kwa nini huyu mama munamuita Mama Marthe?"

"Ni kumuchekesha tu," mwanamke mmoja akajibu. "Juu ya mashine."

Nyiramana alijaribu kusimama. Alinyanyua mkono, akafungua kinywa, lakini pumzi ya kupiga kelele hakuwa nayo, na wageni walikuwa wamempa mgongo. Walipofika kwake mwishoni, alisema neno moja moja, "Nilimuzaa. Nilimuzaa," na Mutabazi akalifasiri, sauti yake imeshuka. Mama wa ofisi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Watu ishirini wamesema vingine.

Jibu lilikuja mwaka uliofuata, nalo lilikuwa hapana. Mutabazi ndiye aliyewaeleza, akitazama viatu vyake. Walisema mtoto ametungwa: jina limechukuliwa kwenye mashine, likafanyiwa kifo cha kuhuzunisha ili safari ipatikane. Watu wanaotunga kifo cha mtoto hawawezi kuaminiwa hata katika ugonjwa. "Mimi nasikitika, mzee," akasema. "Mimi najua nyinyi si waongo. Lakini mimi ni mdomo tu."

Usidhani Gervais alikaa tu. Alimfuata Anatole kwenye banda lake la viatu, akamwambia yote, msitu, homa, mawe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalitamka: alikufa. Binti yangu alikufa. Anatole akamsikiliza mpaka mwisho, sindano mkononi. Kisha akatazama kushoto na kulia, akamkonyeza.

"Ninaelewa, Baba Marthe. Kila mutu hapa ana histoire yake, hadisi ya ofisi. Mimi pia niliwaambia nilifungwa miaka tatu. Nani atakucheka?"

"Si histoire, Anatole."

"Ee, si histoire," Anatole akakubali kwa upole mkubwa, akampiga bega. Na hapo Gervais akaelewa kwamba hata akilia machozi ya damu, mlango umeshafungwa. Kambini kila mtu alikuwa na hadithi aliyoishona kwa ajili ya ofisi, nyingine za kweli, nyingine za viraka, na adabu ya mahali pale ilikuwa kutoichana hadithi ya mwenzako. Walimheshimu mno hata wasiweze kumwamini.

Alirudi nyumbani akamkuta Nyiramana macho yake yako ukutani. Alikaa karibu naye. Alitaka kuomba msamaha ila hakujua aanzie kwenye herufi ipi. Nyiramana ndiye aliyesema, kwa pumzi fupi fupi. "Banasema sikuzaa. Nilibeba huyu mutoto tumboni, nilimubeba mugongoni mpaka mu musitu, na banasema sikuzaa." Hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

Mashine iliendelea kusaga kwa sababu watu lazima wale. Gervais alijaribu kuiita mashine tu; asubuhi alisema imewaka, jioni alisema imezimika. Watu walimsahihisha. "Baba Marthe, umemkasirikia binti yako?" Wakacheka, wakampa ndoo zao.

Nyiramana alifariki mwanzoni mwa mwaka 2015, mchana, akiwa amekaa vile vile, mgongo ukutani. Kambi yote ilikuja. Wanawake walijitupa chini wakilia, "Mama Marthe! Mama Marthe, umetuachia nani!" Ni machozi ya kweli, msiwasingizie. Walimpenda.

Kaburi lilipokuwa tayari, mchungaji Léopold alimsogelea Gervais. Kwa desturi ya kanisa lao, kabla ya udongo, maisha ya marehemu husemwa mbele za watu: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, alizaa wangapi. Mchungaji aliuliza hayo kwa sauti ya chini, na Gervais akajibu moja baada ya lingine.

"Watoto?"

"Mumoja," Gervais akasema. "Marthe. Alimutangulia."

Mchungaji aligeuza kichwa. Akamtazama Anatole aliyekuwa amesimama nyuma, na Anatole akatazama chini. Mchungaji akamshika Gervais kiwiko, akamvuta kando kidogo, kwa upendo, kama anavyoongozwa mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba.

"Ndugu Semahoro," akamnong'oneza, "mambo ya ofisi tuyaache ku ofisi. Hapa tuko mbele ya Mungu."

Gervais akafungua mdomo. Maneno yote aliyokuwa nayo juu ya mtoto yule alikuwa ameshayatumia, na kila mahali yalikuwa yamesikika mengine.

Mchungaji akarudi kichwani mwa kaburi, akainua sauti ili hata walio nyuma wasikie. "Dada yetu Nyiramana hakujaliwa mutoto hapa duniani. Lakini alikuwa mama ya sisi wote."

"Amina," watu wakaitika.

Na Gervais Semahoro, aliyekuwa akiitikia mahubiri tangu utoto wake kule milimani, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema amina pamoja nao. Kisha wanaume wakachukua majembe, wakaanza kurudisha udongo.